Kuipaka Rangi Polipu Kabla ya Kuikata

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya watumishi wa afya wa Nyanda za Juu Kusini na wananchi walioalikwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wakuu wa mikoa na wilaya mliofika, wauguzi, wataalamu wa maabara, wanafunzi wetu wa udaktari, wazee wetu na ndugu wananchi,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nitazungumzia uamuzi mmoja ambao daktari hulazimika kuufanya akiwa bado ameshika kamera ndani ya utumbo wa mgonjwa. Amekuta polipu, yaani kinyama kilichoota ukutani mwa utumbo. Je, aiache ilivyo kwa kuwa haina madhara, aikate palepale kwa kitanzi cha waya, au asiiguse kabisa na kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa upasuaji? Uamuzi huo hufanywa kwa dakika chache, na katika vituo vingi vyetu hufanywa kwa kuangalia ukubwa tu: ndogo inakatwa, kubwa inanyofolewa kipande kinachopelekwa maabara, kisha tunangoja. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba uso wa polipu una alama zinazosomeka, kwamba rangi ya bei nafuu huzifanya alama hizo zionekane, na kwamba mwenye kuzisoma vizuri anaweza kuamua kwa usahihi zaidi kabla hajagusa kitu.

Kwa wananchi walio pamoja nasi, nianze na yale ambayo wenzangu wanayajua. Utumbo mpana ni mrija wa takriban mita moja na nusu, na ndani yake umetandikwa utando laini wa rangi ya waridi. Katika utando huo, hasa umri unapokwenda, huweza kuota vinyama ambavyo kitaalamu tunaviita polipu. Vingine huning'inia kwenye kikonyo kama uyoga, vingine hukaa bapa, na vichache huwa vimebonyea kidogo kuliko utando unaovizunguka. Kolonoskopi ni kipimo ambacho mpira mrefu unaopindika, wenye kamera na taa kwenye ncha yake, huingizwa kupitia njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia wa tumbo. Kupitia tundu lililo ndani ya mpira huo tunaweza kupitisha maji, rangi, koleo dogo au kitanzi cha kukatia.

Waliotutangulia katika taaluma hii walifundishwa kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa nchi tajiri. Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili kutoka Kampala hadi Johannesburg, wakipita Tanganyika, kufuatilia ule uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Miaka 10 baadaye, mwaka 1971, aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu chakula chao kina nyuzinyuzi nyingi. Yapo mengi ya kweli katika hoja yake, na simwambii mtu yeyote wa Rungwe aache ndizi na mboga za majani. Lakini maisha yamebadilika, watu wanaishi miaka mingi zaidi, na chakula cha mijini si kile alichokiona Burkitt. Mwaka 2022 ugonjwa huu uligunduliwa kwa watu zaidi ya milioni 1.9 duniani, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ajili yake. Barani Afrika wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na wengi wao wana umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Damu kwenye choo huitwa bawasiri, au huitwa amiba, na mtu hunywa metronidazoli dozi baada ya dozi bila mtu yeyote kumwingiza hata kidole cha uchunguzi. Hilo la mwisho ningependa waganga wa zahanati walichukue na kuondoka nalo, hata kama yote mengine ninayoyasema leo hayawahusu.

Saratani hii, kwa sehemu kubwa, huanzia kwenye aina ya polipu inayoitwa adenoma, na safari ya kutoka adenoma hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka mingi. Ndiyo maana kuondoa adenoma kunazuia saratani. William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata polipu kwa kitanzi kupitia kolonoskopi huko New York mwaka 1969, na kabla ya hapo mgonjwa alifunguliwa tumbo. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani uliochunguza watu waliotolewa adenoma ulionyesha kwamba saratani zilizojitokeza baadaye zilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 zikilinganishwa na zilizotarajiwa. Ni vigumu kupata kinga nyingine ya saratani yenye nguvu kama hiyo.

Hata hivyo, polipu si za namna moja. Zipo polipu za haipaplasia, yaani za seli zilizoongezeka tu, ambazo hukaa zaidi upande wa chini, kwenye puru na sigmoidi, sehemu ya utumbo mpana iliyo juu tu ya puru. Zikiwa ndogo hazina hatari inayostahili kumsumbua mgonjwa. Zipo adenoma, ambazo zinapaswa kutoka. Zipo zile zenye meno ya msumeno zikitazamwa kwa hadubini, ambazo hukaa upande wa kulia, bapa, zimefunikwa ute kama utando wa manjano, na kwa miaka mingi tulizipita bila kuziona. Kisha zipo adenoma ambazo tayari saratani imeanza ndani yake. Baadhi ya hizi za mwisho saratani yake iko juujuu na zinaweza kutolewa kwa kamera, na nyingine imepenya chini zaidi ya milimita moja katika tabaka la pili, na hapo seli zinaweza kuwa zimefika kwenye tezi za limfu, hivyo kuikata kwa kitanzi ni kujidanganya. Ukubwa peke yake hauwezi kukutenganishia makundi haya. Polipu ya sentimita tatu iliyotandaa juu ya utando yaweza kuwa adenoma tupu, na kidonda kilichobonyea chenye milimita saba kikawa kimeshapenya.

Sasa nifike kwenye uso wenyewe. Utando wa utumbo mpana umejaa tezi ndogo zilizosimama wima kama mirija midogo, na kila tezi ina mdomo unaofunguka juu. Midomo hiyo ndiyo vishimo tunavyovisoma. Kwenye utando wenye afya, kishimo ni cha duara na upana wake ni takriban milimita 0.07. Jicho halikioni, na kamera ya kawaida hukionyesha kwa shida sana. Lakini seli zinapobadilika, tezi hubadilika umbo, na midomo yake hubadilika pamoja nazo. Wajapani ndio waliolichukulia jambo hili kwa uzito. Profesa Shin-ei Kudo, akiwa Akita kaskazini mwa Japani, alitazama polipu kwa kamera yenye lenzi ya kukuza hadi mara 100, akazilinganisha na alichokiona mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza vipande vya nyama kwa hadubini, na katika maandishi yake ya mwaka 1994 na 1996 akaweka mpangilio ambao sisi sote tunautumia hadi leo.

Aina ya kwanza ni vishimo vya duara vya kawaida. Aina ya pili ni vishimo vikubwa kidogo vyenye umbo la nyota, na hiyo ni dalili ya haipaplasia. Mtu akikutana na hizi mbili kwenye polipu ndogo ya puru, anaweza kuweka kitanzi chini. Aina ya tatu imegawanyika mara mbili, na mgawanyiko huu una maana kubwa. Ile inayoandikwa IIIL ina vishimo virefu kama vijifereji, vya wastani wa milimita 0.22, nayo ni sura ya adenoma ya kawaida iliyoinuka, ambayo tunaikata bila wasiwasi. Ile inayoandikwa IIIs ina vishimo vidogo kuliko vya kawaida, takriban milimita 0.03, vimebanana sana, na hukaa kwenye vidonda vilivyobonyea. Hao ndio wabaya waliojificha, kwa kuwa hupenya wakiwa bado wadogo. Aina ya nne ina matawi na mikunjo kama ya ubongo, na kwa kawaida ni adenoma yenye vidole vidole, inayofaa kutolewa yote kwa umakini. Aina ya tano ndiyo inayobadilisha mpango wa kazi: vishimo vimepoteza utaratibu, ukubwa na mwelekeo wake haulingani, na hiyo tunaiandika Vi. Vishimo vikifutika kabisa, uso ukabaki mtupu bila muundo, tunaiandika Vn. Vn humaanisha saratani iliyopenya kwa kina, na mgonjwa huyo ni wa daktari wa upasuaji. Vi inahitaji akili zaidi, kwa sababu ndani yake zimo saratani za juujuu zinazoweza kutolewa kwa kamera na nyingine ambazo haziwezi, na hapo ndipo uzoefu wa macho unapolipa.

Katika mikono iliyozoea, usomaji huu hutenganisha adenoma na isiyo adenoma kwa usahihi unaokaribia tisa kati ya kumi. Baadaye yaliongezwa mengine, kama aina ya pili yenye mdomo uliopanuka, ambayo ni alama ya zile polipu za meno ya msumeno za upande wa kulia. Sitayafuata yote leo.

Niseme habari ya rangi, kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kuanza kesho asubuhi. Zipo za namna mbili. Ya kwanza haiingii ndani ya seli, nayo ni indigokamini, rangi ya buluu ambayo hutumika pia kutilia rangi vyakula. Tunaichanganya kati ya asilimia 0.2 na 0.4 na kuipuliza juu ya utando. Waliolima viazi katika miteremko ya Umalila wanajua kwamba mvua ikinyesha maji hutulia katikati ya matuta, na aliyesimama mlimani huona kila tuta lilipo. Indigokamini hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa hutulia kwenye mifereji na vishimo na kuacha sehemu zilizoinuka zikiwa na rangi yake ya waridi. Buluu juu ya waridi huonekana vizuri. Faida yake ni kwamba inatokea papo hapo, inaoshwa kwa maji, na mgonjwa hapati madhara.

Namna ya pili huingia ndani ya seli. Methilini bluu, kwa asilimia 0.1 hivi, hufyonzwa na utando wa utumbo. Hii ni rangi ya zamani sana katika tiba, hata Paul Ehrlich aliijaribu kwa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Kristali vaileti nayo hupaka kingo za vishimo kwa zambarau, na ndiyo inayofaa zaidi pale tunaposhuku aina ya tano. Wataalamu wa maabara mnaifahamu, kwani ndiyo rangi ya kwanza mnayoimwaga kwenye kioo mnapofanya kipimo cha Gramu, na akina mama wanaijua kama ile GV ya kupaka vidonda vya mdomoni mwa mtoto. Naomba nieleweke vizuri hapa: chupa ya GV ya duka la dawa ni kali mno kwa kazi hii na haikuandaliwa kwa ajili ya kuingizwa tumboni. Tunatumia mchanganyiko wa asilimia 0.05, uliotengenezwa na mfamasia, kwa kiasi kidogo, na kwa kidonda kimoja tunachokishuku tu. Kristali vaileti na methilini bluu zimeibua maswali kuhusu athari zake kwa vinasaba vya seli, kwa hiyo sioni sababu ya kuzimwaga ovyo utumbo mzima wakati indigokamini ipo.

Nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi huiharibu mwanzoni. Umeingiza kamera mpaka mwisho, sasa unarudi polepole, na kwenye mkunjo wa utumbo mpana upande wa kulia unaona mahali ambapo mishipa midogo ya damu imekatika ghafla na rangi ya utando ni nyekundu kidogo kuliko jirani yake. Usiguse. Usichomoe koleo. Ukinyofoa kipande, damu itatoka, na damu ikishatoka huoni kishimo hata kimoja. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya baridi huufanya utumbo ujikaze. Osha tena, kwa mkondo wa pembeni badala ya kulenga katikati ya kidonda, mpaka ute wote uondoke. Ute ndio adui mkubwa kuliko vyote, kwa sababu hunywa rangi na kukuonyesha mabaka yasiyo na maana yoyote. Utumbo ukiwa unachezacheza, mpe mgonjwa hayosini, dawa ya kutuliza utumbo, kupitia mshipa ikiwa hana kizuizi nayo, kama presha ya macho au tatizo la moyo. Kisha pitisha mrija wa kupulizia na upulize indigokamini kidogo, uigeuze ncha ya kamera taratibu ili rangi itambae, na unyonye ziada. Mara nyingi jambo la kwanza linaloshangaza ni mipaka: kidonda ulichodhani kina milimita nane kinageuka kuwa na milimita 20, kwa sababu kingo zake bapa hazikuonekana kabla ya rangi. Hapo tayari umeshapata faida, hata kama huna lenzi ya kukuza.

Mwenye lenzi huendelea. Kamera ya kukuza ina lenzi zinazosogea ndani ya ncha, na daktari huziendesha kwa kidole gumba. Kwenye ncha huvalishwa kofia ndogo ya plastiki ili ikae umbali wa milimita chache kutoka kwenye utando, kwani mwendo mdogo wa pumzi ya mgonjwa unatosha kuitoa picha kwenye umakini wake. Kwa ukuzaji wa mara 100, kile kishimo cha milimita 0.07 hugeuka kuwa duara la milimita saba kwenye kioo. Usianze katikati. Zunguka kingo, kisha nenda pale uso ulipobonyea au ulipobadilika rangi, kwa kuwa hukumu ya kidonda kizima hutolewa na sehemu yake mbaya kuliko zote. Ukiona vishimo vimeanza kupoteza mpangilio, osha indigokamini yote, dondoshea kristali vaileti matone machache, subiri dakika moja au zaidi, osha, ndipo utazame tena. Subira hiyo ya dakika chache ndiyo inayowashinda wengi pale orodha ya wagonjwa inapokuwa ndefu, na sitajifanya kwamba orodha zetu ni fupi.

Upo pia mwanga wa mawimbi membamba, ambao hufanya kazi bila rangi. Mashine huchuja taa ibaki na mawimbi ya nanomita 415 na 540, ambayo hufyonzwa na damu, hivyo mishipa midogo huonekana ya kahawia iliyokolea. Ni kitufe tu unabonyeza, na nchi nyingi zimehamia huko kwa kazi za kila siku. Wajapani wenyewe bado hurudi kwenye kristali vaileti pale mwanga huo unapowaacha katika shaka kuhusu kina cha saratani.

Wenzangu wengine hunijibu kwamba haya ni mambo ya Japani, na kwamba sisi tusubiri mashine. Siafikiani nao. Ni kweli kwamba kamera ya kukuza ni ghali na kwamba hospitali nyingi za kanda yetu hazitainunua mwaka huu. Lakini kamera za kisasa za kawaida zina ubora wa picha ambao, ukisogea karibu na ukiwa umepuliza indigokamini, zinaonyesha tofauti kati ya nyota za haipaplasia na vijifereji vya adenoma kwenye polipu nyingi. Kitakachokosekana ni usomaji wa undani wa aina ya tano. Kwa maoni yangu, kituo kinachoanza kolonoskopi kinapaswa kuwa na rangi, mrija wa kupulizia na pampu ya maji kabla hakijaota lenzi ya kukuza, na kituo chenye lenzi ya kukuza lakini hakina maji ya kutosha ya kuoshea kimepoteza fedha zake.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi hasa. Mgonjwa wetu ametoka Makete, Ludewa, Sumbawanga au Ileje. Amelipa nauli, amelala kwa ndugu, na amekunywa dawa ya kuharisha usiku kucha. Tukimnyofoa kipande na kumwambia arudi baada ya majibu ya patholojia, wengine hawarudi, na wanaorudi hukuta jambo ambalo vitabu vinalionya: kunyofoa kipande kwenye polipu bapa huacha kovu, na kovu hilo huishikiza polipu kwenye tabaka la chini, hivyo siku ya kuitoa, maji ya chumvi tunayodunga chini yake hayaiinui. Tumegeuza kazi rahisi kuwa ngumu. Kama uso unasomeka kuwa IIIL au IV, na uwezo wa kuitoa upo, itolewe yote siku hiyo hiyo. Kama uwezo haupo, ipigwe picha, isiguswe, na mgonjwa apewe rufaa. Kama ni Vn, hapo ndipo kipande kinachukuliwa kwa ajili ya uthibitisho, wino wa alama unadungwa jirani ili daktari wa upasuaji apakute, na mgonjwa anakabidhiwa mkononi, kwa simu, kwa jina la daktari atakayempokea.

Lakini naomba tusiruke hatua. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa endoskopi, yaani uchunguzi wa ndani kwa kamera, cha Marekani kiliweka viwango vya kumruhusu daktari kukata polipu yenye milimita tano au pungufu na kuitupa bila kuipeleka maabara: ratiba ya ufuatiliaji inayotokana na usomaji wake ilingane na ya patholojia kwa angalau asilimia 90, na ili aiache bila kuikata polipu ndogo kama hiyo ya puru na sigmoidi, anaposema si adenoma awe sahihi kwa angalau asilimia 90. Hakuna anayeweza kudai kiwango hicho kabla hajajipima. Kwa hiyo hapa kwetu kila tunachokikata kiende maabara ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, na daktari aandike usomaji wake kabla ya majibu kurudi. Majibu yakirudi, alinganishe na picha. Huo ndio ufundishaji wenyewe, na hauhitaji mtu kupanda ndege kwenda Yokohama.

Jambo jingine la kwetu ni kwamba mpangilio wa Kudo ulitengenezwa kwa magonjwa ya Wajapani. Sisi tunao watoto wanaotokwa na damu mbichi kutokana na polipu za utotoni, ambazo uso wake umechubuka na vishimo vyake ni vichache na vipana. Tunao pia wagonjwa wa kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake yakinasa kwenye utando huweza kuleta polipu za uvimbe usio saratani, zikafanana sana na vitu vingine. Kwa mgonjwa aliyekulia kando ya ziwa au kwenye mashamba ya umwagiliaji, muulize habari ya kichocho kabla hujatafsiri vishimo. Patholojia ndiyo itakayotoa hukumu.

Kwenu wananchi, sehemu yenu katika kazi hii ni kubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu rangi haipenyi kwenye kinyesi. Siku mbili au tatu kabla ya kipimo, acheni maharage, mahindi ya kuchoma, mboga za majani, karanga na matunda yenye mbegu ndogo kama pasheni na mapera. Wali mweupe, mayai, samaki na viazi vilivyomenywa havina shida. Siku ya mwisho ni vinywaji visivyo na makapi tu, kama chai ya rangi, maji na supu iliyochujwa. Msinywe juisi ya rozela wala soda nyekundu, kwani rangi yake hubaki kwenye utumbo na kumfanya daktari afikirie damu. Wanaotumia vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma waviache takriban wiki moja kabla, maana huacha kinyesi cheusi kinachong'ang'ania ukutani. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiziache wenyewe, bali wamuulize daktari. Dawa ya kusafisha tumbo inywewe kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo, na msione aibu kuimaliza. Mzee mmoja aliniambia kwamba alibakiza nusu chupa kwa ajili ya mkewe, asije akahitaji. Nikamwambia mkewe atapewa yake.

Baada ya kipimo, msishtuke mkiona choo cha buluu. Rangi hutoka yenyewe. Cha kurudi nacho hospitalini haraka ni maumivu makali ya tumbo, homa, au damu nyingi, na damu hiyo yaweza kutoka hata wiki moja au mbili baada ya polipu kukatwa.

Tena, daini karatasi ya majibu. Iandike polipu zilikuwa ngapi, kila moja ilikuwa wapi, ukubwa wake kwa milimita, umbo lake, aina ya vishimo vilivyoonekana, na kama ilitolewa nzima au vipande. Tarehe ya kurudi hutegemea karatasi hiyo. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, aliyekutwa na adenoma moja au mbili zilizo chini ya milimita 10 hurudi baada ya miaka 7 hadi 10, aliyekutwa na tatu au nne hurudi baada ya miaka 3 hadi 5, na aliyekutwa na tano hadi 10, au moja yenye milimita 10 au zaidi, hurudi baada ya miaka mitatu. Aliyetolewa polipu ya milimita 20 au zaidi kwa vipande vipande hurudi baada ya miezi sita tu, na siku hiyo daktari apulize indigokamini juu ya kovu na pembezoni mwake, akatafute vishimo vya IIIL au IV kwenye ukingo, kwa sababu masalia ya adenoma huanzia hapo yakiwa na milimita mbili au tatu na bado yanaweza kutolewa kwa dakika chache.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na wenzangu wa maabara wameandaa vioo na picha pale nyuma kwa atakayependa kuviona vishimo kwa macho yake.